Kilio Kilichosahihishwa

Matogoro, Songea
13 Mei 2024

Mwanangu Anord,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula na unalala. Sisi huku hatujambo. Baridi imeteremka mapema mwaka huu kutoka mlimani na magoti yangu yameshapata habari. Mahindi tumevuna, si haba. Katika kifurushi nilichompa kondakta kuna dagaa wa Nyasa na mboga ya likolo iliyokaushwa. Usiwagawie wenzako wa ofisini kabla hujala wewe.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya kuulizana kama mvua imenyesha. Nikiwa na hasira napenda kuandika, maana karatasi hainikatizi. Na leo nina hasira, mwanangu.

Jumamosi tulikuwa na misa ya kumkumbuka baba yako. Kanisa lilijaa, hata ndugu wa Mfaranyaki walifika. Niliamua kwaya iimbe ule wimbo niliomtungia tulipomzika, na kwa kuwa ulininunulia kompyuta na kunitilia ile programu ya kuandikia nota ya kampuni yenu, hiyo Kinubi, nikaona nisiwape tena wanakwaya makaratasi yangu ya mkono yenye madoa ya chai. Niliuandika wimbo wote humo, nikaenda kuuchapa steshenari, kila mmoja akapata nakala yake safi. Nilitembea kama Mwalimu mkubwa. Mazoezi hatukufanya, watu walikuwa kwenye mavuno, na wimbo wenyewe wanaujua.

Unakumbuka pale katikati, mimi ninapoita, "Gaspari, umetuachia nani?" Akina mama hawasubiri nimalize. Wananipanda juu kwa juu na kile kilio, kama wafanyavyo kwenye ngoma ya lizombe, halafu besi ndiyo inakuja kutupokea sote. Wimbo uko hapo. Kwingine kote ni njia ya kwenda na njia ya kurudi.

Basi nikaita. Wakanyamaza.

Kwaya nzima, Anord! Wamesimama, macho kwenye karatasi, midomo imefungwa. Nimebaki na mkono wangu hewani. Watu wakadhani machozi yamenizidi, na Padre Polycarp, Mungu ambariki, akateremka altareni kuniletea maji. Baada ya misa nikamshika Getruda, ambaye sauti ya pili yote inaning'inia kwake, nikamuuliza umekuwaje? Akanijibu bila hata kupepesa, "Mwalimu, karatasi imesema kimya. Na wewe mwenyewe ndiye unayetufokea kila siku, imbeni kilichoandikwa, msiimbe mnachokumbuka."

Kweli nawafokea hivyo.

Nyumbani nikafungua kompyuta. Chini ya ule mstari kuna maandishi madogo mekundu: "Kosa limerekebishwa." Imehesabu mapigo, ikaona yamezidi, ikakata kilio cha akina mama na kuweka kimya mahali pake. Nikakirudisha. Ikakikata tena, mbele ya macho yangu.

Waambie hao wakubwa zako waache mara moja. Baba yako hakuwa kosa, na kumlilia si kosa.

Mama yako,
Theodosia


Dar es Salaam
26 Mei 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, joto tu ndilo linalotuonea. Kifurushi kimefika salama na likolo nimelila peke yangu kama ulivyoagiza. Magoti usiyafanyie mzaha, nenda hospitali. Wasalimie wote, na Getruda msalimie kipekee.

Pole sana kwa yaliyotokea siku ya misa. Nakiri kwamba nilipofika pale pa Getruda nilicheka, kisha nikamwona Baba, nikaacha kucheka.

Mama, hiyo sehemu inaitwa Msahihishaji, na niliyeiandika ni mimi. Ni kazi yangu ya kwanza kubwa hapa. Walimu wengi wa kwaya hukosea kuhesabu mapigo, sasa programu inawashika mkono. Bosi wetu, Bwana Daimu, alinisifu mbele ya watu wote. Wimbo wako umeundwa kwa namna ambayo sikuifikiria, basi. Katika toleo lako haizimiki. Tuliona tukiwapa watu swichi wataizima, halafu watatulaumu kwamba nota zao ni mbovu.

Kuna jambo jingine, na naomba ulipokee vizuri. Kuanzia wiki hii Kinubi inabadilika. Nyimbo zote zitatunzwa kwenye hazina ya kampuni, na kila kwaya italipia kwa mwaka. Ukichapa, karatasi itakuwa na nembo yetu. Kumpa mwalimu mwingine wimbo wako hutaweza mpaka naye awe amejiunga. Wewe usijali, nimekuombea mwaka wa kwanza uwe zawadi. Tena wanataka kuweka picha yako kwenye tangazo, Mwalimu Theodosia wa Songea, akiwa na kompyuta yake! Ukifungua utaona maandishi marefu, mwisho wake pana kitufe cha "Nakubali". Kibonyeze tu.

Najua utanung'unika. Lakini Mama, ukiona vyaelea, vimeundwa. Watu tumekesha tukiunda kitu hiki, nasi tunakula kwa jasho letu.

Mwanao,
Anord


Matogoro, Songea
10 Juni 2024

Mwanangu Anord,

Monile. Nakusalimu Kingoni ili ukumbuke unazungumza na nani. Hatujambo wote, magoti hayajambo pia, na Getruda amepokea salamu zako kwa mashaka.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama. Ya pili nilikaa.

Maandishi yenu marefu nimeyasoma yote, mwalimu mstaafu ana muda. Kitufe sijakibonyeza na sitakibonyeza. Tangu hapo Kinubi imenifungia mlango. Naona majina ya nyimbo zangu yamepangwa, lakini nikigusa mojawapo inaniambia nikubali kwanza. Nimesimama nje ya nyumba niliyoijenga, na funguo ziko kwa mwanangu.

Unaniambia vimeundwa. Sikatai. Mtumbwi umeundwa, na fundi alipwe, ale, anenepe. Lakini nani amemwona fundi wa mtumbwi akipanda na mteja, amkataze kuvuka upande anaoutaka, na kumnyang'anya samaki aliowavua? Usinijibu kuhusu hela. Hata mngenitoza shilingi moja ningekasirika hivihivi.

Acha nikukumbushe wimbo unavyotembea huku kwetu, maana naona mjini mmesahau. Wimbo wangu wa kwanza nilipewa nikiwa msichana na mwalimu mmoja wa kigango cha mbali, alikuja kwa baiskeli kwenye kipaimara. Niliunakili juu ya goti wakati watu wakila. Aliniambia hivi: "Besi zenu kama ni dhaifu, shusha. Maneno kama hayawaingii, badili. Ukimpa mwingine, mwambie ulipoutoa." Basi. Hakuniuliza nina nini mfukoni wala hakunifanya nibonyeze kitu. Kwaya zote za Ruvuma zimekua kwa kula kwenye sinia hilo moja. Ule wimbo wa baba yako wameuimba watu nisiowajua, kwenye misiba ya watu nisiowajua, na mahali pengine wameutia Kimatengo. Ndivyo ninavyojua kwamba uko hai.

Sasa sikiliza. Leticia, yule muuguzi anayeongoza kwaya ndogo kule Mbesa, aliniomba nimtumie wimbo huohuo, nakala yake ililiwa na mchwa. Kinubi ikanijibu kwamba Leticia "hana ruhusa," kwa kuwa naye hajabonyeza kile kitufe. Wimbo nimeutunga mimi, marehemu ni mume wangu, anayeomba ni rafiki yangu. Huyo aliyemnyima ruhusa ni nani, Anord?

Nilikuwa nikilalamika hivi kwa sauti pale steshenari ndipo kijana mmoja akageuka. Ni Bashiru, kwao Tunduru, anafundisha kompyuta sekondari. Akasema, "Mama, shikamoo, samahani kwa kuingilia, lakini zipo programu huria." Nikamuuliza huria maana yake ni za bure? Akasema nyingi ni za bure, ila hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba unaitumia kwa kazi yoyote uipendayo, unaifungua uone ilivyoandikwa ndani, unaibadili ikufae, na unampa jirani, iwe kama ilivyo au kama ulivyoibadili. Nikamwambia, mwanangu, hizo ndizo sheria za yule mwalimu wa baiskeli!

Amenitilia moja ya kuandikia nota. Wameiandika watu wa nchi mbalimbali wasiojuana, wakaiacha wazi. Nikaandika upya kile kipande cha kilio. Ikaniuliza kwa adabu kama najua mapigo yamezidi. Nikaijibu najua. Ikanyamaza yenyewe, na akina mama wakapata kulia.

Kasoro yake ni Kiingereza kitupu, lakini hata hapo hatukushindwa, maana mlango uko wazi. Kila Jumapili baada ya misa Bashiru anakuja na kompyuta yake, tunatafsiri neno moja moja, na yeye anayapeleka huko kwa wenyewe. Juzi tulibishana juu ya mahali ambapo sauti inatulia, tuite kimya au tuite pumziko. Getruda akapiga meza. "Andikeni pumziko. Kimya tumeshakipata, kimetutosha."

Ile picha ya tangazo, waambie wamtafute mwingine.

Mama yako,
Theodosia


Dar es Salaam
30 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi kwa afya sijambo, kwa mengine acha.

Nakuandikia nikiwa nimekasirika na sitaki kuficha. Dada wa matangazo alikupigia simu kwa heshima zote, ukamwambia uso wako una mapigo yaliyozidi na Msahihishaji ataukata. Amerudia maneno hayo mbele ya ofisi nzima. Walicheka wote isipokuwa Bwana Daimu. Halafu imekuja habari kwamba wewe na huyo Bashiru mmekwenda Mfaranyaki kuwafundisha walimu wa kwaya kuondoa Kinubi na kuweka hiyo yenu. Bwana Daimu ameniita. Ameniuliza, "Huyu mama ni wako, au ni wa washindani wetu?" Nikajiona mdogo kama punje ya ulezi.

Mama, ulinisomesha kwa kuuza mahindi na kufundisha watoto wa watu. Ulinisomesha nipate kazi. Kazi ndiyo hii. Unataka niifanyeje?

Na hao watu wako wasiojuana walioandika programu na kuiacha wazi, wanakula nini? Siku wakichoka, nani atakusaidia? Sisi tuna ofisi, tuna namba ya simu, tuna mtu wa kulaumiwa.

Kuhusu nyimbo zako zilizofungiwa, nimesaini mkataba kwamba sitafichua jinsi mafaili yetu yanavyofungwa. Lakini wewe ni mama yangu. Nikipata nafasi nitazichomoa zako na kukutumia kwenye flashi, kimya kimya. Zako tu. Usimwambie Leticia, usimwambie Bashiru, na Getruda ndiyo kabisa. Ukikubali, niambie, tuyamalize haya kama mtu na mama yake.

Mwanao,
Anord


Matogoro, Songea
15 Julai 2024

Anord,

Hatujambo. Baridi imekaza, asubuhi mlima hauonekani.

Swali lako la watu wangu wanakula nini ni la haki, nalijibu. Nilimuuliza Bashiru wanakula nini. Akasema wengine wanalipwa kuwafundisha watu, wengine kutengeneza, wengine wana kazi nyingine kama yeye, na ni kweli wapo wanaochoka. Akichoka mmoja, kazi iko wazi, mwingine anaiokota. Nimefundisha miaka mingi, nami sikuwafungia wanafunzi hesabu kwenye kabati ili waje kunilipa kila wanapotaka kujumlisha. Mshahara nilipata. Mdogo, lakini ndio uliokulea.

Sikukusomesha uwe na kazi tu. Nilikusomesha usije ukaambiwa jambo la kijinga na mtu mwenye ofisi ukaitikia ndiyo.

Kuhusu flashi yako ya kimya kimya, sitaki.

Soma tena. Sitaki. Nafahamu umenionea huruma na moyo wako ni mzuri, lakini hujaelewa ninachokipigania. Leticia ana nyimbo zake humo. Mwalimu wa Mfaranyaki ana za marehemu kaka yake. Wapo wengine wamebonyeza kitufe huku wanalia, kwa sababu kipaimara kilikuwa mlangoni. Mimi nipitishwe mlango wa uani kwa kuwa nimemzaa fundi, wao wabaki mvuani? Nitawatazamaje kwenye mazoezi? Mlango ufunguliwe watu wote wapite, au nibaki nje nao.

Na wala hatujakaa tumeshika tama. Jumapili iliyopita nimeiweka kwaya kwenye mabenchi nje ya kanisa, nimewaambia leo hakuna karatasi, imbeni mnachokumbuka. Getruda alidhani nimeugua. Wakaimba, nami nikaandika kutoka vinywani mwao. Kumbe kuna mahali walishanibadilisha zamani, tena pamekuwa pazuri kuliko nilivyoandika, na mimi nimewafokea miaka yote warudi kwenye karatasi! Tutazimaliza zote hivyo, wimbo baada ya wimbo. Kampuni yenu imefungia makaratasi. Vinywa haijavifungia.

Umebaki mmoja ambao hakuna anayeukumbuka, kwa sababu sijamfundisha mtu yeyote. Niliuandikia humo humo kwenye Kinubi. Huo ukipotea umepotea. Ni wimbo gani, hayakuhusu kwa sasa.

Nimekuzaa na sijajuta hata siku moja. Lakini katika barua yako ya mwisho nimesikia sauti ya Bwana Daimu, yako sikuisikia. Usiniandikie mpaka uwe na neno lako mwenyewe.

Mama yako


Dar es Salaam
29 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa wiki zote nilizokaa bila kukuamkia. Ni mzima wa mwili. Nakaa kwa rafiki yangu Iddi kule Mbagala, usishtuke. Nakula.

Nimeacha kazi.

Nieleze kwa mpangilio, ulivyonifundisha. Barua yako nilitembea nayo mfukoni. Nilikuwa nikiisoma ofisini, naikunja, naifungua tena. Mwishowe nikamwendea Bwana Daimu. Sikumwomba wimbo wako. Nilimwambia tuweke mlango mmoja tu, mwalimu yeyote akitaka kuondoka aondoke na nyimbo zake, bila kuulizwa. Akaniambia, "Tukiweka mlango watatoka." Nikamwambia, "Basi tatizo si mlango, ni nyumba." Maneno yalinitoka kabla sijayapima. Akanicheka, akasema Songea kumenipanda kichwani. Nikaandika barua ya kuacha kazi siku ileile, Mama.

Sikuchukua kitu chao. Hata daftari nimeliacha mezani. Nilianza upya kwenye kompyuta ya Iddi, nikiyatazama tu mafaili ya watu wenyewe waliokubali. Leticia na mwalimu wa Mfaranyaki walituma ya kwao wenyewe; wewe tu hukuulizwa, ya kwako alinitumia Bashiru, nakala zilizobaki kwenye kompyuta yako. Usimgombeze Bashiru. Nilimbembeleza kwa simu, akasema, "Wallahi mama yako atanichinja," kisha akatuma. Tumefanya kazi pamoja tangu Agosti, yeye huko, mimi huku. Nimegundua ni fundi kuliko alivyokuambia, na ni mbishi kuliko wewe.

Sasa ipo. Ni programu ndogo. Unaipa faili la Kinubi, inakurudishia nota zako zilizo wazi, uzifungue kwa programu yoyote uitakayo. Tumeiacha hadharani na msimbo wake wote, atakaye achukue, atazame, abadili, amgawie mwenzake. Walimu wa Mbeya na Tabora wameshaichukua. Jana mtu mmoja nisiyemjua kabisa ametutumia marekebisho ya kosa letu. Nilikaa nikiyatazama marekebisho hayo, Mama, nikamkumbuka yule mwalimu wako wa baiskeli.

Bwana Daimu amenitumia barua ya wakili. Nimemjibu kwamba twende, akamweleze hakimu mbele ya watu jinsi wimbo wa mama yangu ulivyogeuka kuwa mali yake. Iddi anasema nina wazimu. Siogopi, na sijui nimeutoa wapi ujasiri huu, labda kwenye likolo.

Lakini sicho kilichonikalisha kuandika.

Ili kujaribu kama programu inafanya kazi ilibidi nifungue faili mojawapo. Nilifungua la mwisho kwenye mafaili yako. Mama, nimeuona. "Siku ya Theodosia." Umetunga wimbo wa maziko yako. Nimesoma maneno yote. Nimeona mahali unapowaambia wasikulaze upande wa jua, na pale unapomtania Mungu kuhusu magoti. Nimeona na mstari wa besi, juu yake umeandika "Anord".

Na katikati, palepale ambapo akina mama wangekulilia na besi ingewapokea, pana kimya. Msahihishaji alikikata kilio chako. Kilio changu, maana na mimi nimo. Kanuni ya kukikata niliiandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikapigiwa makofi. Nililia, Mama, Iddi akatoka nje kuniachia chumba.

Niambie ukweli. Unaumwa? Ndiyo maana ulikuwa na haraka hivyo? Nijibu kwa simu, usingoje barua.

Mwanao,
Anord


Matogoro, Songea
10 Novemba 2024

Mwanangu Anord,

Milele amina, na marahaba kwa zote, hata zile ambazo hukuzituma. Nilikupigia simu siku ileile nikakuambia siumwi, ukaniuliza mara kwa mara kama nasema kweli mpaka salio likakata. Nakuandikia sasa ili uwe nao ushahidi: siumwi. Nina magoti tu. Nilikwenda hospitali kama ulivyotaka, daktari akasema niache kupanda mlima, nami nikamwambia nyumba yangu iko mlimani.

Bashiru sikumgombeza. Nilimpikia ugali na dagaa, akala huku ananitazama kwa hofu.

Wimbo ule niliutunga kwa sababu tulipomzika baba yako watu waliimba nyimbo za kila mtu, mpaka wa kwangu ulipoanza ndipo nikahisi kwamba ni yeye anayezikwa. Nikasema mimi sitazikwa kwa nyimbo za kila mtu. Wa kunitungia mimi ni nani? Nikajitungia. Nikauficha, kwa sababu unajua kwetu hapafanyiwi mazoezi ya msiba wa mtu aliye hai.

Kisha programu yako ikaurudisha. Niliufungua, nikaona kile kimya ulichokisema. Nikakifuta, nikaandika kilio mahali pake, nikaandika na kingine juu yake, mapigo yakazidi maradufu. Nikaona kitu nilichokipigania miezi yote hii kisirudi kufichwa tena. Nikawapelekea kwaya.

Hapo palichimbika! Getruda alirudisha karatasi yake mezani kama inaunguza. "Mwalimu, unajiitia kaburi. Mimi simwimbii mtu anayenitazama." Nikamwambia, Getruda, mmekwisha kunizika mara moja, siku ile mliponinyamazia kanisani nimesimama na mkono hewani. Hakuna kifo kitakachonitisha kuliko kile. Akaguna. Padre Polycarp akasema Novemba ni mwezi wa marehemu na sisi sote ni marehemu watarajiwa, tuimbe.

Tukauimba siku ya Marehemu Wote. Nimeongoza mwenyewe. Nilipofika pale katikati nikaita, "Theodosia, unatuachia nani?" nikiwa najiita mwenyewe kwa jina langu, na akina mama hawakunisubiri nimalize. Walinipanda juu, Anord. Getruda wa kwanza, machozi yanamtoka, karatasi iko sakafuni. Watu mabenchi ya nyuma walisimama. Wapo wanaosema Theodosia amechanganyikiwa, amejiimbia msiba wake. Waseme. Nani mwingine katika mji huu amesikia jinsi atakavyoliliwa?

Leticia naye ameuchukua, umeshafika Mbesa. Ameushusha kwa sababu besi zake ni wawili tu, ametia ubeti wa Kiyao, na wiki iliyopita wamemzika nao mzee mmoja wa kule, jina langu limetolewa, limewekwa la kwake. Alinipigia simu kuniambia nisije nikakasirika. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu jikoni. Sasa hata nikifa kesho, wimbo wangu wa maziko utakuwa umewasindikiza watu wengine kabla yangu, na njia utakuwa umeizoea.

Kampuni yenu ya zamani imeniandikia kwamba nafasi yangu imefutwa kwa kukiuka masharti. Nimeibandika barua hiyo jikoni, karibu na kalenda. Wakikupeleka kwa hakimu niambie tarehe. Kwaya nzima itapanda basi, na tutajua cha kuimba mlangoni.

Sasa la mwisho. Mstari wa besi siku ile aliushika Mzee Amedeus, kwa kukukaimu, na amesema hashiki tena, kila mtu na zamu yake. Una nafasi sasa, huna bosi. Njoo Desemba. Bashiru ana wanafunzi wanaotaka kufundishwa hiyo kazi yenu, na likolo lipo. Utasimama upande wa kushoto, nyuma ya Getruda, na utajifunza sehemu yako mbele ya mwenye msiba, akikutazama. Nitaita, akina mama watalia kabla sijamaliza, na hapo wanaotakiwa kutupokea ni besi.

Ukifika hapo, mwanangu, usihesabu. Imba.

Mama yako, niliye hai,
Theodosia